Usiku Uliotengenezwa Mchana

Mariyamu alishtuka alipokuta kiti kimoja tu cha mzazi darasani, tena kile chenye mikono.

Alikuwa ameambiwa kwamba wazazi wote wa watoto wa klabu ya filamu wataitwa. Alijifunga kitenge chake cha Idi, akampitia Mama Merveille ili waongozane, akakuta mlango umefungwa. Jirani akamwambia kwamba Mama Merveille yuko Kigwena kwenye michikichi yake tangu asubuhi, na habari ya filamu hajaisikia kwa mtu yeyote. Mariyamu akaendelea peke yake, akijiambia labda wamesahau. Sasa, amesimama mlangoni pa darasa lililozibwa madirisha kwa mikeka, aliona kwamba hakuna aliyesahau kitu.

Ndani alikuwamo Mwalimu Modeste, anayefundisha Kifaransa. Alikuwamo Hakimu, kijana wa mtaa wa Waswahili anayepiga video za harusi, ameinama nyuma ya televisheni yake. Aliya, mjukuu wa Mariyamu, alisimama ukutani na wenzake, Merveille na Kabwe, kama watu wanaosubiri sindano. Na mbele kabisa alikaa Bwana Sévérin, shefu wa zoni, mtawala wa eneo lile. Mlangoni kulikuwa na askari mwenye bunduki.

"Amahoro, Maman!" Shefu aliinuka mwenyewe, akamvutia kiti. "Keti, keti. Magoti yako iko inakusumbua, nimesikia. Hakimu, fungulia maman soda."

"Amahoro, Shefu. Murakoze, asante."

Mariyamu hakuwa mtu wa kudharau wema. Alimkumbuka kila aliyemchotea maji alipougua, alimkumbuka hata dereva mmoja wa Gitaza aliyempakia bure siku ya mvua. Na huyu shefu naye alikuwa na mema yake kwake. Vita ilipoanza, mama yake Aliya alivuka kwenda Kigoma na mtoto mdogo mgongoni, na shefu ndiye aliyesema Aliya asifukuzwe shule kwa kukosa mzazi. Lakini wema wa leo ulimkwama kooni pamoja na soda ile. Nani amempa habari za magoti yangu? alijiuliza. Na anayatakia nini?

Filamu ikaanza.

Watoto waliiita "Mutu wa Koti". Huyo mtu wa koti uso wake hauonekani hata mara moja. Kuna koti refu, kofia iliyoshushwa na moshi wa sigara, basi. Msichana mmoja, yaani Merveille, anamfuata kila mahali kwa sababu anadhani ndiye aliyemuua kaka yake. Kila chumba ni giza lenye taa moja tu, karabai ya wavuvi, na vivuli vinapanda ukutani vikubwa kuliko watu wenyewe. Rangi hakuna, ni nyeusi na nyeupe mwanzo mpaka mwisho. Mariyamu, ambaye sinema alizozijua ni za watu kurushiana mateke na kuimba, alijikuta ameshika mikono ya kiti kwa nguvu.

Mwisho wake mtu wa koti anashuka ufukweni usiku. Mbingu nyeusi, ziwa jeusi, na mchanga unang'aa kama mwezi umemwagika chini. Pembeni kuna mtu mwingine amechutama. Mtu wa koti anamwendea. Mkono unatoa kitu, mkono unapokea. Kisha giza.

Mariyamu alisogea mbele kwenye kiti. Ufukwe ule aliujua. Ni ule wa chini ya michikichi, karibu na matete, mahali ambapo askari walikuta mtumbwi usio na mwenyewe mwezi uliopita, wakasema ni wa waasi. Na kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje kuanzia jioni, watu wa Rumonge waliielewa vizuri: ukionekana ufukweni gizani, hakuna atakayeanza kwa kukuuliza jina.

Mtoto huyu alikwenda kule usiku gani, na mimi nilikuwa wapi?

Hakimu alisimamisha kaseti. Mwalimu Modeste akasimama, akasugua mikono. Ilionekana amesubiri saa hii kwa hamu.

"Nitaanza na mabaya," alisema. "Sauti, zero. Upepo unakula maneno yote. Merveille, wewe unalia kabla hujaambiwa kaka yako amekufa. Ulijuaje?"

"Nilikuwa nimesoma mbele, Prof."

"Na wewe, Kabwe. Ni muuaji gani anavaa kandambili? Koti mpaka chini, kofia, sigara, halafu kandambili!"

"Viatu vya baba vilikataa, Prof. Miguu yangu ni ya Kikongomani."

Wakacheka, hata askari mlangoni. Mwalimu aliwaacha wacheke, kisha akainua kidole.

"Lakini ule usiku wa ufukweni! Mimi sijaona mwanafunzi akipiga usiku kama ule. Mtu anasikia hata umande. Kwa huo peke yake nilitaka kuwapa kumi na nane juu ya ishirini. Ndiyo maana jana nilimuonyesha Shefu mapema, atupe ruhusa kaseti iende Bujumbura kwenye shindano. Nilimwambia, Shefu, utadhani ulikuwa pale."

"Ego, ndiyo," Shefu alisema polepole. "Utadhani ulikuwa pale. Sasa mimi ninataka kujua nani alikuwa pale."

"Ilikuwa mchana, Shefu," Aliya alisema. "Tuliweka kioo cha miwani ya jua mbele ya kamera. Halafu Hakimu akapunguza mwanga. Ni ujanja wa sinema."

"Mchana." Shefu alilionja neno hilo. "Mwalimu, ile ni mchana?"

"Inawezekana, Shefu. Kuna namna ya kupiga usiku wa bandia, wataalamu wanafunga lensi, wanapunguza..."

"Ulikuwapo?"

"Hapana, Shefu."

"Basi keti. Hakimu, televisheni yako iko na rangi?"

Hakimu alijikuna shingo. "Ilikuwa nayo, Shefu. Kitufe kimekufa. Siku hizi ni nyeusi na nyeupe tu."

Mariyamu aliinua macho. Jumamosi iliyopita, kwenye harusi ya binti wa Hadji, alikaa mbele ya televisheni hiyo hiyo, akamwona bibi harusi na hina yake nyekundu mpaka kwenye kucha. Alimtazama Hakimu. Hakimu akatazama nyaya zake. Alimtazama Aliya. Aliya akatazama sakafu.

Kijana anadanganya, Mariyamu aliwaza. Na mjukuu wangu anajua kwamba anadanganya.

"Na huyu aliyechutama?" Shefu aliuliza. "Ni mwenzenu?"

Kabwe alifungua mdomo, Merveille akamkanyaga.

"Hatumjui, Shefu," Aliya alisema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia utotoni kusema hajagusa sukari.

"Mumepiga picha ya mutu. Mumemukaribia mpaka akawapa kitu mukononi. Na hamumujui." Shefu hakupandisha sauti. Angeipandisha, Mariyamu angetulia kidogo. Badala yake alimgeukia yeye kwa upole. "Maman, ndiyo maana nimekuita peke yako. Wewe ni mutu wa sala. Utakalosema nitaliamini. Huyu mutoto alilala kwako kila siku mwezi huu?"

Kumbe kiti kilikuwa cha hili.

Jibu lililotakiwa alilijua, lilikuwa neno moja fupi. Lakini majirani wana macho, na shefu angeweza kuwauliza dakika ile ile, na uongo wa bibi ungemzamisha mtoto kuliko ukweli. Tena kulikuwa na jingine, ambalo hakupenda kulitazama. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika.

"Siku moja alilala kwa akina Merveille," alisema. "Aliniambia kuvrefe imemkuta huko."

Aliya alifumba macho.

"Murakoze, Maman. Umesema kweli." Shefu alimwita askari kwa mkono. "Tutamupeleka pozisyoni. Wataongea naye kidogo tu."

Pozisyoni ilikuwa kambi ya askari kule kilimani. Kijana wa muuza chumvi alipelekwa huko kuongea kidogo, na mama yake mpaka leo anampakulia chakula.

Mariyamu alisimama. "Shefu, nipe ruhusa niongee naye nje kwanza. Mimi ndiye nimemlea. Asiponiambia mimi, hao wa kilimani hawatapata kitu."

Shefu alimpima kwa macho, kana kwamba bibi huyu naye ameanza kuwa na kivuli. "Hapo ukutani," alisema mwishowe. "Askari awaone."

Nje jua liliwapiga usoni. Askari alikuwa kijana ambaye ndevu hazijamshika vizuri. Alisimama mbali kidogo, akawageuzia mgongo, akajifanya anatazama ziwa. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Mariyamu aliuweka wema huo moyoni, kisha akamshika mjukuu wake mabega.

"Sema."

"Bibi, ilikuwa mchana. Wallahi."

"Hilo nimelisikia. Hakimu anaficha rangi kwa sababu gani?"

Aliya alimtazama askari. "Tuliapa."

"Kwa nani?"

"Mama Vestine."

"Vestine gani?"

"Wa Shefu, bibi. Mke wake."

Mariyamu aliegemea ukuta. Aliya akasema yote kwa kunong'ona, maneno yakikanyagana. Mama Vestine anaanika ndagala, dagaa wa ziwani, kule chini ya michikichi, mahali pasipopita watu wengi, kwa sababu mume wake alimkataza. Ndagala hizo huzipeleka Muhuta, kambi ya waliokimbia makwao, kwa watoto wa marehemu dada yake. Baba wa watoto hao inasemekana yuko porini na wenye bunduki. Shefu alisema kwamba hata kiganja kimoja cha chakula kikitoka nyumbani kwake kwenda kwa watoto wale, kitaitwa msaada kwa waasi, na yeye Shefu atakuwa wa kwanza kutafutwa.

"Tulimkuta pale, bibi. Angeweza kutufukuza. Alituachia mahali, akatuchomea ndagala, tukala na ugali wake. Akasema pigeni tu picha yenu, lakini musiseme muliniona. Ule weupe si mwezi. Ni ndagala zimeanikwa."

"Na kile kilichotolewa mkononi?"

"Alimpa Kabwe aonje. Haikuwa kwenye hadithi. Ilitoka vizuri, tukaiacha." Machozi yalianza. "Gizani haonekani ni nani. Rangi zikirudi, atamjua. Kile kitenge chake cha ndege wa manjano, mji mzima unakijua."

"Na siku ya kwa Merveille?"

"Tulikuwa tunashona koti."

Mariyamu alimfuta machozi kwa ncha ya mtandio. Vestine hakuwahi kumpita sokoni bila kusimama, kumshika mikono yote miwili na kumuuliza habari za binti yake wa Kigoma. Watu wengi walikuwa wameacha kuuliza habari za waliovuka, kwa kuogopa majibu. Na sasa mwanamke huyo alikuwa upande mmoja, na mtoto huyu upande mwingine.

"Utamwambia," Aliya alisema. "Utavunja ahadi yangu."

"Nitaivunja mimi. Wewe hukusema kitu."

"Ni mamoja, bibi."

"Siyo mamoja. Lakini utanikasirikia ukiwa nyumbani, si ukiwa kilimani."

Alirudi ndani. "Shefu, wote watoke. Nitakuonyesha mchana huo mimi mwenyewe."

"Kwa nini watoke?"

"Kwa sababu nikikuonyesha mbele yao, kesho utanichukia."

Shefu, akihofia mtego, alimwagiza askari achungulie nyuma ya televisheni, ainue kitambaa cha meza, afungue hata begi la kamera. Hakukuwa na kitu. Ndipo aliposema, "Haya, tokeni." Hakimu alirudisha kaseti mpaka kwenye ufukwe, na alipompita Mariyamu alinong'ona, "Bibi, usifanye."

"Kitufe ni kipi?"

Alimwonyesha kwa kidevu, akatoka.

Mariyamu alikizungusha kitufe kama anavyozungusha utambi wa taa, kidogo kidogo. Kwanza ulikuja ukijani wa michikichi. Kisha ziwa likawa la buluu, buluu iliyochafuka kama inaonekana kupitia chai. Mwanga ulipopanda, mwezi ule uliomwagika mchangani ukavunjika vipande vipande, ukawa visamaki, vingi visivyo na hesabu, vimelala vinakauka. Hakuna mtu wa pwani ile anayeacha ndagala nje usiku, umande uziozeshe na paka wazimalize. Kivuli cha Kabwe kilikuwa kimejikunja chini ya kandambili zake, kama kivuli cha adhuhuri.

Halafu yule aliyechutama akainua uso. Alikuwa mwanamke wa kitenge cha ndege wa manjano. Alimwekea Kabwe ndagala kiganjani, Kabwe akasema kitu kilichomezwa na upepo, na mwanamke akacheka kwa kinywa chote, kichwa nyuma.

Picha ilipofika mwisho Shefu aliinuka, akarudisha kaseti mwenyewe, akaangalia tena. Mariyamu aliona kwamba macho yake hayako kwenye ndagala.

"Anacheka," Shefu alisema.

"Anaanikia nani?" Shefu aliuliza, lakini kama mtu anayejua.

"Hilo sikuulizwa, Shefu. Niliulizwa kama ni usiku."

Shefu aligeuza kichwa, akamtazama. Uso wake haukuwa na hasira, wala haukuwa na shukrani. Ulikuwa mlango uliofungwa.

"Ni mchana," alisema.

"Na mtoto wangu?"

"Mutu hafungwi kwa mchana."

Kabla ya kuwaita wengine, alinyoosha mkono, akakirudisha kitufe mwenyewe. Ndege wa manjano wakawa kijivu. Mwanamke akawa kivuli tena.

"Mwalimu," alisema walipoingia, "nimehakikisha. Usiku wenu ni wa uongo. Mutoto abaki."

"Nilisema!" Modeste alipiga makofi. "Nilisema ni ufundi! Basi, kumi na nane yao..."

"Lakini kipande hicho kitafutwa. Hapa, mbele yangu."

"Shefu! Hiyo ndiyo filamu yenyewe. Ukitoa ufukwe, kinabaki nini? Mutu wa koti anavuta sigara jikoni! Nitaipa maksi gani?"

"Hiyo ni kazi yako, Mwalimu."

Hakimu aliweka kaseti kwenye kamera, akaielekeza ukutani, akarekodi ukuta mtupu juu ya ufukwe. Wote walisimama wakingoja mpaka ilipokwisha. Mwalimu alitoa kumi na moja juu ya ishirini, akasema kwa huzuni kwamba moja ni ya kandambili, kwa kuwa walau zimemchekesha.

Njiani Aliya alitembea mbele, hakumpa bibi yake mkono. Mariyamu hakumlazimisha. Walipofika kwenye njia ya kushuka ziwani alisema, "Tangulia nyumbani. Mimi nina mtu wa kumuona," na mtoto akaelewa, akageuka, akamkumbatia haraka bila kumtazama, akaondoka.

Vestine alikuwa anaanua ndagala, kwa maana jua lilikuwa limeanza kulala. Alipomwona Mariyamu hakusimama kumshika mikono.

"Nimekuja kukuomba radhi," Mariyamu alisema. "Mtoto alinyamaza. Ni mimi."

"Amekwisha kupita."

"Shefu?"

"Na pikipiki yake. Alisimama pale uliposimama wewe. Nikasema leo nimekwisha." Vestine alijipangusa mikono kwenye kitenge, lakini mikono ilikuwa mikavu. "Alichukua ndagala moja, akatafuna. Akasema ni tamu. Akaniuliza kama nimekula. Halafu akaenda."

"Hakusema jingine?"

"Hata moja. Mama Mariyamu, ningependa angepiga kelele. Miaka yote hii hajaniuliza kama nimekula."

Maisha yake yote Mariyamu, mtu akiuliza mwenzake kama amekula, aliuita huo wema, na hapo hakuongeza wala kupunguza. Labda ulikuwa wema hata sasa. Labda mwanamume yule alimwona mke wake akicheka, kitu kikalainika ndani yake. Na labda alikuwa anahesabu nani alijua, na tangu lini.

Mariyamu akachutama kwenye mchanga, akavuta gunia.

"Tuanue haraka," alisema. "Hili la watoto lisilale kwako. Litalala kwangu, na kesho Aliya ataliondoa na gari la Gitaza linalopita Muhuta, kama mzigo wa bibi yake. Mimi ni mwanamke mzee. Nani atanitafuta kwa ajili ya ndagala?"

"Watakutafuta, mama. Siku hizi wanamtafuta kila mtu."

"Basi watanikuta ninakula."

Vestine alitaka kucheka, kicheko hakikutoka. Wakazoa kwa viganja, bega kwa bega. Juu, kwenye barabara, pikipiki ilisikika ikija kutoka mjini, na Vestine aliujua mlio wake. Ilipofika usawa wa michikichi ikapunguza mwendo, kisha injini ikazimwa. Wanawake hao wawili hawakuinua vichwa. Waliendelea kuzoa, wakisikiliza kama kuna mtu anayeshuka, na hakuna aliyeshuka, na injini nayo haikuwashwa.